Ila ya Unyasungi

Mara ya kwanza kikao kiliahirishwa kwa sababu vipaza sauti vilikuwa vinakoroma. Mara ya pili waheshimiwa hawakutokea. Walikuwa kwenye kikao kingine, cha kupanga ratiba ya vikao. Kwa hiyo Paskazia Ntandu alipoingia ukumbini Dodoma kwa mara ya tatu, mjomba wake nyuma na chupa ya uji wa ulezi kwapani, alikuwa amekwisha kujiapiza kwamba safari hii hata jengo likianguka atasemea kwenye kifusi.

Mlangoni palikuwa na bango: KIKAO CHA KUSIKILIZA WANANCHI, MPANGO WA NISHATI NA TABIANCHI. Chini yake mtu alikuwa amebandika karatasi: Wananchi wakae nyuma.

Wakakaa nyuma.

"Tukumbushane, mjomba," Paskazia alinong'ona. "Wakikuuliza habari za umeme, unajibu nini?"

"Mbaya."

"Mbaya tu?"

"Mbaya sana," alisema Mjomba Hango, kisha akaangalia huku na huku kama mtu aliyetoa tusi msibani.

Walikuwa wamelifanyia mazoezi neno hilo ndani ya treni tangu Manyoni. Mwanzoni lilikataa kabisa kutoka. Mjomba alifungua mdomo, akameza mate, akasema, "Si mbaya sana." Paskazia akamwambia hiyo "si" itaua watu. Mjomba akanuna hadi Bahi. Alikuwa bado na kinyongo cha asubuhi, pale alipotaka kuja na jogoo wa kumzawadia mwenyekiti wa kikao, Paskazia akamwambia hiyo itaitwa rushwa. "Yule ana jina lake," mjomba alisema. "Mtu mwenye jina hawezi kuwa rushwa."

Mbele, kwenye meza ndefu, palikuwa na viti vya wawakilishi wa kata. Hakuna kiti kilichokaliwa na mtu. Juu ya kila kiti kulikuwa na kiboksi cheusi, saizi ya redio ya kaunta ya duka, chenye taa ndogo na kibandiko cha jina la kata. Viboksi hivyo ndivyo vilivyoitwa Vivuli. Serikali ilivileta kwa nia njema, tuseme ukweli. Watu walikuwa wamechoka kusafiri kutoka Singida kuja kukuta vipaza sauti vinakoroma. Basi kila kata ikapewa Kivuli chake, na kila Jumapili jioni Kivuli kikapiga simu nyumba kwa nyumba kuuliza hali. Siku ya kikao kinakaa kwenye kiti na kusema kilichokusanya. Mwananchi abaki nyumbani na mihogo yake.

"Kata ya Unyasungi," aliita mwenyekiti.

Taa ya kiboksi cha tatu ikawaka kijani.

"Wananchi wa Unyasungi tunashukuru," kilisema Kivuli. "Hali ya umeme ni nzuri. Hatuna shida. Mpango tumeupokea."

Paskazia alihisi nywele zinamsimama. Sauti ile ilikuwa imekorogwa kutoka kwenye sauti za watu wote wa kata, na ukisikiliza vizuri ungeweza kuwatoa mmoja mmoja. Ile pua ilikuwa ya fundi baiskeli. Ule mvuto wa mwisho wa neno, kana kwamba neno lina mkia wa kuburuza, ulikuwa wa bibi yake, Bibi Perusi. Bibi Perusi alikuwa anaupokea mpango wa kumwondolea pumzi.

*

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mwezi wa joto ukianza, umeme wote wa usiku unaotoka kwenye mapangaboi ya Unyasungi uende miji ya pwani.

Mapangaboi ndiyo ile mitambo mirefu ya upepo iliyosimama kwenye mgongo wa kilima, mbawa zikizunguka usiku kucha. Umeme wake wa kwanza huenda Friji. Kwenye makaratasi Friji huitwa Kituo cha Hifadhi dhidi ya Joto, lakini hakuna mtu mwenye pumzi ya kusema hayo yote. Ni ukumbi uliozikwa nusu ardhini, kuta nene kama za boma, na miezi ambayo usiku haupoi, wazee, wajawazito na watoto wachanga hulala humo kwenye mikeka, mistari kwa mistari. Wageni wakiambiwa "bibi yuko friji" walikuwa wanaanza kutoa pole.

Sasa ondoa umeme wa usiku. Unabaki na shimo lenye wazee.

Paskazia alisimama na kunyoosha mkono. Mwenyekiti, Mheshimiwa Leokadia Msambira, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni, alimwona mara moja. Alikuwa anajipepea kwa ratiba ya kikao.

"Ndiyo, binti. Wewe ni nani?"

"Paskazia Ntandu, mheshimiwa. Natoka Unyasungi."

"Unyasungi imeshasema."

"Ndiyo maana nimesimama. Nimesikia tulichosema, nimeshangaa kama mgeni."

Watu wawili watatu walicheka. Pembeni ya mwenyekiti aliinuka kijana mwenye tai, Injinia Tumsifu, msimamizi wa Vivuli. Alikuwa na uso wa mtu anayependa kazi yake na hapendi iguswe.

"Mheshimiwa, kwa ruhusa yako. Dada Paskazia naye alipigiwa Jumapili. Nimeshampata." Akagusa kioo cha kibao chake.

Ukumbini ikasikika sauti ya Paskazia, safi kama amesimama kisimani. Kivuli kilimuuliza, "Hujambo? Habari za umeme?" Naye akajibu, "Nzuri."

"Ni sauti yako?" aliuliza injinia.

"Ni yangu. Mkia wake uko wapi?"

"Mkia?"

"Nilisema, nzuri, ila tumesikia mnataka kuuhamisha. Iko wapi hiyo ila?"

Injinia Tumsifu alieleza kwa upole, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kivuli huchukua jibu la kwanza. Utafiti ulifanyika, tena mkubwa, ukaonyesha kwamba jibu la kwanza ndilo la moyoni. Yanayofuata mtu huanza kutunga. Kwa hiyo kikishapata jibu la kwanza, kinashukuru na kukata simu ili kisimpotezee mwananchi muda.

Paskazia alitaka kujua utafiti huo ulifanyikia wapi, maana hakika haukufanyikia Unyasungi. Kule "nzuri" haijawahi kuwa jibu. Ni mlango. Unaufungua kwanza, mgeni anaingia, anakaa, anauliza watoto, anauliza kuku, ndipo unamwambia kwamba nyumba inaungua. Mtu anaweza kuwa amevunjika mguu, mfupa unachungulia nje, ukamuuliza hali akasema nzuri, ila huu mguu. Na kila Jumapili, miaka yote, kata nzima ilikuwa inafungua mlango kwa Kivuli, na Kivuli kinashukuru kinaondoka, kinawaacha watu na ila zao mdomoni.

Alisema hayo yote, kwa haraka na kwa kukwama kwama. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hoja nimeielewa," alisema. "Tusibishane hewani. Umekuja na mtu?"

"Nimekuja na mjomba wangu."

"Basi Kivuli kimuulize hapa hapa, mbele yetu. Akisema mbaya, naandika mbaya. Tumekubaliana?"

Paskazia alimgeukia mjomba wake. Walikuwa wamejiandaa.

Mjomba Hango alisimama, akavua kofia, akatembea hadi mbele na suti yake ya kijivu, ile ya harusi na misiba. Injinia akamwekea kiboksi mezani. Hapo ndipo mwenyekiti, mama wa watu aliyelelewa vizuri kwao, alipoharibu kila kitu.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Mjomba aliyeyuka. Paskazia aliona kwa macho yake mabega yakishuka.

"Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu sana. Pole na safari."

"Nimeshapoa."

"Habari za umeme?" kiliuliza Kivuli, kwa sauti ya kata nzima, yenye mkia wa Bibi Perusi.

"Nzuri tu, mwanangu, tunamshukuru Mungu," alisema Mjomba Hango. "Ila..."

Taa ikawaka kijani. "Asante. Nimesikia," kilisema Kivuli, na kipaza sauti kikazima.

Mjomba aliendelea kusema kwa muda mrefu. Midomo yake ilionekana ikienda, mikono ikionyesha urefu wa pangaboi, kisha upana wa Friji, kisha vitu vidogo vidogo ambavyo Paskazia alijua ni vifaranga. Bila kipaza sauti, katika minong'ono ya ukumbi, hakuna aliyesikia neno.

*

"Ulisema mbaya sana," Paskazia alimwambia alipomfuata mbele. Alikuwa anataka kulia na kucheka na kuuma kiti. "Tangu Manyoni ulikuwa unasema mbaya sana."

"Mtu mzima ameniamkia mbele ya watu, kanikaribisha, kanipa pole," mjomba alinong'ona. "Nimtupie mbaya usoni? Nimelelewa na nani mimi?"

"Nadhani tumejionea," alisema Injinia Tumsifu, bila ubaya, na akaanza kukirudisha kiboksi kwenye kiti chake.

Kilichofuata Paskazia hakukipanga, ingawa baadaye mjomba alisimulia treni nzima kwamba kilipangwa. Hasira ilikuwa imemjaa hadi masikioni, na mbele yake alimwona mwenyekiti akijifuta shingo kwa kitambaa kilicholowa. Viyoyozi vya ukumbi vilikuwa vinafanya kazi kwa mbali, kama mtu anayepuliza chai ya mwenzake. Navyo viliendeshwa na Kivuli, cha jengo. Waliokaa wanaulizwa kupitia vipaza sauti, nacho kinaongeza au kupunguza; wakisema wameridhika, kinazima kuokoa umeme. Kulikuwa na taa yake ukutani.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema Paskazia.

"Marahaba."

"Habari za ubaridi humu ndani?"

"Nzuri tu," alisema mwenyekiti huku anajifuta.

Taa ya ukutani ikawaka kijani. "Asante. Nimesikia," ilisema dari. Viyoyozi vikakohoa, vikashusha pumzi ndefu, vikanyamaza.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wakafuata wengine, na joto la Dodoma, ambalo lilikuwa limesubiri nje tangu asubuhi, likaingia na kukaa bila kukaribishwa. Injinia Tumsifu alikuwa anagonga gonga kibao chake. Kibao kilimjulisha kwamba mwenyekiti ameridhika na hali ya hewa na kwamba swali halitarudiwa ili kutomsumbua.

Mwenyekiti alivua miwani. Hakucheka, lakini mdomo ulimchezea.

"Binti, umenishika. Nakubali."

"Asante, mheshimiwa."

"Usishukuru bado. Na mimi nikushike, wala si kwa ubaya. Hilo Friji lenu lilijengwa kwa idhini ya nani?"

"Ya kata."

"Kata iliidhinisha vipi?"

Paskazia alianza kuliona shimo, lakini mguu ulikuwa umeshatangulia. "Tulipigiwa simu."

"Na nani?"

"Kivuli."

"Mkasemaje?"

"Nzuri," alisema Paskazia, taratibu.

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. "Nikiandika leo kwamba Kivuli cha Unyasungi hakikuwahi kusikia vizuri, basi hata hiyo nzuri inafutika. Kesho Friji linakuwa jengo lisilo na idhini, na mapangaboi yenu vilevile. Sheria inataka yafungwe mpaka wananchi waulizwe upya. Kuulizwa upya unakujua. Umekuja hapa mara tatu kwa mada moja."

"Na nikiliondoa pingamizi?"

"Mpango unapita. Mchana mnabaki na ubaridi wenu, usiku unakwenda pwani. Na usidhani kule unakwenda kuchezewa. Kuna watu wanalala ghorofa ya kumi kwenye vyumba ambavyo hata dirisha havina. Nao wana bibi zao." Alijipepea. "Umesimama kwa niaba ya Unyasungi. Haya, amua. Liingie au uliondoe?"

Paskazia akamkumbuka babu yake.

Ilikuwa kabla ya Friji. Usiku ule joto lilikaa juu ya mabati kama mtu mnene. Jirani alipita akauliza dirishani, "Mzee, habari humo ndani?" Babu akajibu, "Salama tu." Jirani akasema haya, usiku mwema. Asubuhi ndipo wakaikuta ila yake, amelala nayo sakafuni karibu na mtungi. Tangu Friji lifunguliwe, Bibi Perusi hajalala nyumbani mwezi wa joto hata mara moja. Jua likizama anabeba mkeka wake anakwenda Friji, anatangulia hata wenye watoto wachanga.

Nusu ya ubaridi, au hakuna kabisa. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua. Bora mchana kuliko kukosa vyote. Watoto wachanga watapumua hata hizo saa za jua kali, na wazee watatafuta namna usiku. Namna gani, hakujua. Neno "naliondoa" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Pembeni yake, juu ya kiti, taa ya Kivuli ilikuwa inamemeta kijani. Ilimemeta kwa utulivu, kama mfanyakazi mwenzake anayemsubiri amalize ili watoke wote. Paskazia aliitazama, na lile neno likarudi kooni.

"Sijui, mheshimiwa," alisema.

"Hujui?"

"Sijawauliza."

Injinia Tumsifu aliinua macho kwenye kibao. "Dada, umekuja mara tatu hujawauliza watu wako?"

"Kuhusu mpango niliwauliza, mpaka kwenye ila. Hili la kufunga Friji limesemwa sasa hivi. Nikilijibia hapa, kwa kichwa changu, jibu la kwanza lililonijia, basi mlipoteza hela kununua viboksi. Mngeniweka mimi kwenye kiti." Alijifuta jasho kwa kiganja. "Bibi yangu anaweza kutaka nusu. Mwenye mtoto wa wiki mbili anaweza kusema fungeni yote tuje kukaa hapa hapa Dodoma. Sijui. Na sitaki kujifanya najua."

"Kikao kinahitaji jibu," alisema mwenyekiti.

"Najua. Nimekisubiri kwa hamu kuliko mtu yeyote humu."

Mheshimiwa Leokadia Msambira aliangalia juu, kwenye matundu ya viyoyozi yaliyonyamaza. Aliyaangalia kwa muda, kama anayeyasoma. Kisha akavaa miwani.

"Katibu, andika. Kikao cha tabianchi kimeahirishwa kutokana na joto ukumbini."

"Mpaka lini, mheshimiwa?"

"Tarehe itatangazwa. Kikao kisipofungwa, mpango hauanzi, na hakuna kinachofungwa Unyasungi wala kwingine. Hilo usihangaike kuliandika, sheria inalo." Akakusanya karatasi zake, na alipopita karibu na Paskazia akapunguza mwendo. "Kawaulize, binti. Nami nitakuwa nasubiri pale pale mwisho wa sentensi."

Paskazia alibaki amesimama. Alikuja kutafuta ndiyo au hapana. Alikuwa anarudi na neno lile lile, kuahirishwa, alilolichukia mara mbili, tena safari hii amelitaka mwenyewe. Angemkuta mtu wa kumlaumu angemlaumu kwa moyo wote. Akaokota chupa ya uji.

*

Geti la kutokea lilikuwa na foleni. Lilikuwa geti la kisasa, la kuteleza kwenye reli, nalo lilikuwa na sikio lake. Kila anayetoka linamuuliza, linafunguka, linajifunga, linamuuliza anayefuata. Yote yanaingia kwenye ripoti ya kikao.

"Mimi nimekosa, Paska," alisema Mjomba Hango wakisogea. "Nikirudi nyumbani watanicheka."

"Hawatakucheka, mjomba. Wote wangejibu vile."

"Hata jogoo angejibu vile."

"Jogoo angemaliza sentensi."

Mjomba alifikiria hilo, akaona ni kweli.

Zamu yao ikafika. "Habari za kikao?" liliuliza geti.

"Mbaya," alisema Paskazia.

"Samahani, sijakuelewa. Habari za kikao?"

"Mbaya sana."

"Samahani, sijakuelewa. Habari za kikao?"

Nyuma yao watu wakaanza kuguna. Mtu akasema, dada, tuna treni. Mwingine akasema joto litatumaliza hapa. Mjomba akamgusa kiwiko. "Lipe nzuri yake, mwanangu, tuondoke. Hili halijui kitu."

Paskazia aliliangalia lile sikio la chuma, lenye matundu madogo madogo kama chujio la chai.

"Nzuri," alisema.

Taa ikawaka kijani. Geti likateleza, likafunguka. "Asante. Nime..."

"Ila," alisema Paskazia, akainama, akaisimamisha chupa ya uji katikati ya reli.

Geti lilirudi kwa nguvu, likaigonga chupa, likashtuka, likafunguka tena. Taa ikapepesa. Likajaribu kujifunga, likagonga, likarudi. Kwa jinsi lilivyotengenezwa, mtu akiwa bado hajapita haliwezi kukata sauti.

"Ila kikao kimeahirishwa mara tatu," Paskazia aliliambia. Hakupaza sauti. Aliongea kama anaongea na mgeni aliyekwisha kukaribishwa na kupewa kiti. "Ila babu yangu alisema salama tu, tukamkuta asubuhi. Ila bibi yangu Perusi anabeba mkeka jua likizama, na huko pwani kuna bibi wengine sijawaona, nao sijui nani amewauliza. Ila nimeambiwa nichague na sikuchagua, na sijui kama nimefanya vizuri."

Geti liligonga chupa. Uji ukaanza kuchuruzika kwenye reli. Yule aliyesema wana treni alikuwa ameweka begi lake chini.

"Ukimaliza, na mimi ninayo," mtu alisema nyuma. "Natoka Kondoa."

Paskazia alipomaliza alisogea kando, akaishika chupa kwa mguu isianguke. Mjomba Hango akakohoa, akavua kofia, akalisogelea lile sikio na kuinamisha kichwa kidogo.

"Hujambo," aliliambia, maana lazima mtu aanzie mahali. "Nzuri. Ila..."